Silinda ikifa, pimeni kabla ya kufungua mashini

Mhariri,

Tupe nafasi, tena kubwa kidogo, tuseme jambo kuhusu mashini za boti zilizozeeka. Kutoka Mtwapa hadi Mtongwe, nyingi ya mashini zinazosukuma boti za uvuvi na za kuvusha watu ni zile za kuchanganya oili na petroli: Yamaha Enduro ya hospawa 15 au 40 yenye silinda mbili, au 75 yenye silinda tatu. Zimekula chumvi miaka kumi na zaidi, na bado zinavutwa kamba kila alfajiri. Si mashini mbaya. Ni ngumu, vipuri vyake vinapatikana, na fundi anaweza kuifungua palepale dikoni akiwa na spana chache. Ubaya wake ni mmoja tu: silinda moja ikifa, mashini haizimi.

Inaendelea na kazi. Inanguruma, inatoa moshi, inakojoa maji kama kawaida, na boti inakwenda, ila hainyanyui pua. Nahodha atasema mzigo leo ni mwingi, au Kusi imekaza, au petroli ya safari hii ni mbovu. Wiki mbili anaendesha hivyo, anachoma petroli ya silinda mbili kwa nguvu ya silinda moja, kwa kuwa silinda iliyokufa bado inanyonya mafuta na kuyatema mabichi kwenye egzosi. Ndiyo ile rangi ya upinde wa mvua inayoelea nyuma ya boti. Kisha siku moja maji ya bamvua yanatoka kwa kasi kwenye mkondo wa Tudor, au meli ya makontena imeshaingia mlango wa Kilindini, na nguvu iliyobaki haitoshi.

Kinachotukera ni jinsi ugonjwa huu unavyotibiwa. Kuna fundi wa kubadilisha: anatia plagi mpya, haiponi, anatia koili, haiponi, anashuka kwenye CDI, lile boksi linalotuma umeme wa cheche, anashuka kwenye kabureta, na mwenye boti analipia vyote, kumbe ringi ya pistoni ndiyo iliyovunjika. Na kuna fundi wa kufungua: mashini ikimisi tu, "pistoni imekwisha hiyo", bloku inapelekwa kuchongwa, kumbe waya wa plagi ulikuwa umeoza ndani ya kofia yake. Wote wawili wameruka kupima. Geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, haifikii bei ya pistoni moja ya asili, na kazi yenyewe ni ya saa moja.

Kwanza ijulikane kama ni silinda kweli. Mashini iliyopungua nguvu lakini inanguruma laini, bila kutetemeka, aghalabu haina maiti ndani yake. Tatizo liko kwenye kitu kinachohudumia silinda zote pamoja. Tazameni tundu la hewa la kifuniko cha tangi. Ule mpira wa kubinya kwenye njia ya petroli ukinywea wenyewe ukawa bapa, tangi halipumui. Mimineni petroli kidogo kwenye chupa nyeupe, muiache dakika kumi. Maji yakiwemo yatakaa chini kabisa. Na kama mashini inapandisha sauti lakini boti haisogei, hiyo ni raba ya ndani ya propela imeachia, msihangaike na injini. Silinda iliyokufa ina dalili zake: mashini inatikisika ikiwa nyutro, inazima ukiingiza gia, na haifiki mizunguko yake. Enduro 40 ikifunguliwa moto wote, yaani kasi yote, inatakiwa ifike kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 kwa dakika. Ikiwa na silinda moja huhangaika karibu na 3,000 na kubaki hapo.

Sasa, ipi imekufa? Fungeni boti gatini kwa kamba mbili, au tieni mashini kwenye pipa la maji. Msiiwashe nchi kavu hata kwa majaribio ya nusu dakika, maana impela, yaani panga la pampu ya maji, ni ya mpira na bila maji inajisaga. Zimeni mashini, vueni kofia ya plagi ya silinda ya juu, ambayo kwenye Yamaha ndiyo namba moja, na zinahesabiwa kushuka chini. Kofia hiyo ichomekeni kwenye plagi ya akiba, na plagi ya akiba ifungwe kwa waya mnene kwenye bolti safi ya bloku, mbali na kabureta. Washeni kwa moto kidogo zaidi ya kawaida. Mashini ikikataa kuwaka, au ikiwaka ikajikongoja, silinda mliyoinyamazisha ilikuwa nzima na ndiyo iliyokuwa ikibeba kazi. Ikiwaka na kunguruma vilevile kama mwanzo, mmempata maiti. Rudieni kwa silinda ya chini ili msibaki na shaka.

Wengi hunyofoa kofia mashini ikiwa inazunguka, tena kwa mkono mtupu. Umeme wa CDI ukinyimwa njia ya kwenda kwenye bloku hujitafutia pa kupasukia. Leo utaunguza koili, kesho CDI, na siku nyingine utapita mkononi mwako, mkono uruke uangukie flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashini, inayozunguka. Kuzima na kuwasha upya kunachukua dakika mbili tu.

Kuna silinda danganyifu. Ikiwa nyutro inafanya kazi vizuri, ukiingiza gia na kuongeza moto inalala. Kwa hiyo jaribio lirudiwe gia ikiwa ndani, boti imefungwa, kwenye mizunguko kama 2,000 hivi. Wenye kipimajoto cha kuelekeza, kile cha bunduki, wana njia nyingine: baada ya dakika tano za kazi, elekezeni kwenye hedi, kile kifuniko cha silinda, karibu na kila plagi, mahali palepale kwa kila silinda. Iliyokufa huwa baridi kuliko mwenzake. Tofauti haiwi kubwa kwa sababu maji yanazunguka kotekote, lakini ipo.

Toeni plagi zote mzipange kwa namba, msizichanganye. Plagi iliyolowa petroli inasema mafuta yanafika na cheche haifiki, au haitoshi. Plagi kavu nyeupe kama chaki inasema mafuta hayafiki, nayo ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu kwenye mashini hizi oili husafiri pamoja na petroli: silinda inayokosa petroli inakosa oili pia. Plagi iliyooshwa ikawa safi kuliko wenzake, au yenye kutu na unga wa chumvi, imeingiliwa na maji kupitia gaskiti ya hedi au kifuniko cha egzosi. Na mkiona vitone vidogo vya kijivu vinavyong'aa kama shanga juu ya kauri ya plagi, hiyo ni aluminiamu ya pistoni inayoyeyuka. Msiiwashe tena mashini hiyo. Nyeusi yenye mafuta mazito si kifo; mara nyingi ni oili nyingi au mashini inayofanya kazi baridi mno.

Kwenye plagi zenyewe, B7HS na B7HS-10 zinafanana kwa macho, ila ile 10 ya mwisho inamaanisha mwanya wa milimita 1.0. Fuateni iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashini yenu, si ile muuza duka aliyonayo.

Cheche ipimwe kwa kifaa cha mwanya, si kwa kushika plagi kwenye bloku kando ya tundu lililo wazi linalotoa mvuke wa petroli. Hivyo ndivyo nyusi zinavyoungua, na boti pia. Cheche nzuri ni ya buluu, inapiga kwa sauti, na inaruka mwanya wa milimita 8 au 9. Ya njano, nyembamba, inayokuja na kwenda, haifai hata kama inaonekana gizani. Kabla ya kununua koili, zungusheni kofia ya plagi muitoe kwenye waya. Kwenye mashini za pwani, mara nyingi mtakuta ncha ya waya imekuwa kijani. Kateni milimita tano mpaka shaba safi itokee, rudisheni kofia, mpime upya. Ikiwa bado, hamisheni badala ya kununua: pale kila silinda ina koili yake, koili ya juu iende chini na ya chini ije juu. Ugonjwa ukihama pamoja nayo, koili ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, koili haina hatia. Zipo mashini ndogo za silinda mbili ambazo koili ni moja yenye nyaya mbili na plagi zote hupiga kwa pamoja. Hizo badilishaneni nyaya tu.

Sasa kompresheni, na hapa wengi hukosea hata geji ikiwa mkononi.

Mashini ipate joto kwanza, kama dakika tano, pistoni itanuke na ringi zikae mahali pake. Toeni plagi zote, si ile moja mnayoipima. Ukiiacha ya silinda nyingine, kila ukivuta kamba unashindana na kompresheni yake, mkono unasitasita na sindano haipandi inavyostahili. Kofia zote zifungwe kwenye bloku, na kamba nyekundu ya usalama ichomolewe kwenye swichi. Geji ifungwe kwa mkono mpaka iume. Angalieni urefu wa nyuzi zake: plagi ya B7HS ina nyuzi za kipenyo cha milimita 14 na urefu wa milimita 12.7, na geji nyingi za magari zina mdomo mrefu zaidi, wa kuweza kuingia ndani hadi kugusana na pistoni.

Halafu fungueni kipepeo cha kabureta chote. Hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Kabureta ikiwa imefungwa, silinda haipati hewa ya kugandamiza, geji inasoma chini, na silinda nzima inahukumiwa kifo. Na msiamini mkono wa moto: mashini nyingi za kuendeshwa kwa mkono zina kizuizi kinachozuia moto kufunguka wote ikiwa nyutro. Mwenzako ashike kipepeo chenyewe kwa kidole, akiwa anakiona kimelala wazi.

Vuteni kamba kwa nguvu, mivuto mirefu, mpaka sindano iache kupanda. Kwa kawaida ni mitano au sita. Andikeni. Nendeni kwenye silinda ya pili, idadi ileile ya mivuto, mkono uleule wa mtu yuleyule. Kijana mwenye nguvu akipima ya juu na mzee akapima ya chini, mmepima watu, hamkupima silinda.

Mashini nyingi za aina hii zikiwa na afya husoma kati ya 90 na 130 kwenye geji za psi, yaani ratili kwa inchi ya mraba. Lakini namba yenyewe si kitu sana kuliko tofauti. Geji haziafikiani, na ile yenye mpira mrefu usio na vali mwishoni husoma chini siku zote. Tofauti ya asilimia kumi ni ya kawaida. Ikivuka kumi na tano, pana ugonjwa. Kwa hiyo 120 na 112, iacheni ifanye kazi. 120 na 95, tafuteni sababu kabla ya kwenda mbali na nchi kavu. 120 na 60, hiyo itafunguliwa, hakuna njia. Na 88 kwa 88? Imechakaa sawasawa, au geji yenu ndiyo mgonjwa. Hata hivyo itanguruma laini kuliko ile ya 120 kwa 90. Pia soma herufi kwenye mashini kabla ya kutoa hukumu: Yamaha walitengeneza mashini za EK, za kutumia mafuta ya taa, ambazo zinawashwa kwa petroli kisha zinageuzwa. Hizo zina kompresheni ya chini kwa makusudi. Ukiilinganisha na Enduro ya petroli utaipasua bure.

Silinda ikisoma chini, mimineni kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, vuteni kamba taratibu mara mbili ili oili isambae, kisha mpime tena. Ikipanda vizuri, tuseme kutoka 70 hadi 100, hewa ilikuwa inapita kwenye ringi. Isipopanda, fikirieni gaskiti ya hedi au tundu juu ya pistoni. Msizidishe oili, kwa kuwa nyingi hujaza nafasi na kupandisha namba kwa uongo. Na silinda mbili zilizopakana zikisoma chini kwa kiwango kimoja, gaskiti katikati yao ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Ringi yenye hitilafu si lazima iwe imevunjika. Kwenye mashini za zamani mara nyingi imeganda tu kwenye mfereji wake kwa masizi ya oili mbaya. Mimineni dawa ya kuyeyusha kaboni kwenye tundu la plagi, pistoni ikiwa katikati ya safari yake, ilale usiku kucha, asubuhi mzungushe flaiwili kwa mkono, mtoe uchafu, muwashe, mpime. Tofauti ikipungua, mmeokoa bloku kwa bei ya chupa moja. Isipopungua, mmepoteza usiku mmoja.

Mwenye kompresa ana kipimo kizuri zaidi. Pistoni ipande mpaka juu kabisa, flaiwili ishikwe imara, hewa itiwe kupitia tundu la plagi kwa psi 40 hivi, kisha sikilizeni. Hewa ikisikika kwenye chumba cha krenki, upande wa chini wa pistoni, imepita ringi. Ikitokea kwenye tundu la plagi la jirani, au ikileta mapovu kwenye njia ya maji, ni gaskiti. Siku hizi zipo pia kamera nyembamba za kuchomeka kwenye simu. Ipitisheni kwenye tundu la plagi mtazame ukuta wa silinda, hasa upande wa tundu la egzosi, kwani huko joto ndiko lilikozidi na mikwaruzo ya kusimama wima huanzia huko. Ni afadhali kamera kuliko kufungua kifuniko cha egzosi kutazama. Bolti zake zimekaa kwenye maji ya chumvi miaka yote hiyo, na ikikatikia ndani utasahau habari ya silinda.

Kisha kuna maiti ambaye geji inamsoma mzima. Silinda ina 118, cheche ni ya buluu, na bado haifanyi kazi. Hapa fundi aliyelelewa kwenye magari hupotea, kwa kuwa kwenye mashini hizi pistoni inafanya kazi pande zote mbili: juu inagandamiza, chini inanyonya na kusukuma mafuta kupitia chumba cha krenki. Geji inapima juu tu.

Mashini ikiwa inazunguka gatini, pulizeni tone la petroli iliyochanganywa oili kwenye mdomo wa kabureta ya silinda ile, ikiwa kila silinda ina kabureta yake. Ikiamka kwa sekunde chache kisha ikalala, ilikuwa na njaa: jeti, yaani kitundu cha kupimia petroli, imeziba kwa utomvu wa petroli iliyolala, au kielelezi, lile boya la ndani ya kabureta, kimekwama. Kuvuta choki nusu kutaonyesha hilohilo. Jeti isafishwe kwa dawa na hewa, kamwe si kwa waya, maana waya unaipanua na hesabu yake ya mafuta inaharibika. Kama mdomo wa kabureta unatema mafuta nje, na karatasi mkiiweka mbele yake inalowa, ridi, vile vibamba vinavyoruhusu mafuta kuingia bila kurudi, zimevunjika au hazifungi. Zitoeni mziangalie dhidi ya jua. Na ikikosekana kipande cha ridi, kitafuteni mpaka kionekane, kwa kuwa kama hakipo kwenye chumba cha krenki basi kimeshapita kwenye silinda.

Sili za krenki, yaani raba zinazoziba ncha za mhimili unaozungushwa na pistoni, ndizo zinazosumbua kuliko zote. Ya juu, chini ya flaiwili, ikichoka huingiza hewa tupu kwenye silinda ya juu. Plagi inakuwa nyeupe, mizunguko inapanda yenyewe, na ukipunguza moto inachelewa kushuka. Ya chini ikichoka, silinda ya chini inapokea maji na moshi wa egzosi. Hakuna kusafisha kabureta kutakakotibu hilo.

Msipoijua sababu, pistoni mpya itauawa na kilichoiua ya zamani. Kwa maji yetu haya sababu si nyingi. Ya kwanza ni oili. Moja kwa hamsini maana yake ni mililita 400 kwenye jerikeni ya lita 20, zikipimwa kwa chupa yenye alama, si kwa kukisia. Oili iingie na nusu ya petroli, itikiswe, kisha ijazwe. Iwe ya TC-W3, daraja la oili ya mashini za boti za kuchanganya. Oili ya bodaboda au ya gari ni rahisi, lakini ina madini ambayo yakiungua huacha majivu. Majivu hukaa juu ya pistoni na kwenye ncha ya plagi, yakawa kaa la moto linalowasha petroli kabla ya wakati wake.

Ya pili ni mafuta yaliyochakachuliwa. Tozo ya shilingi 18 kwa lita iliyowekwa kwenye mafuta ya taa mwaka 2018 ilikusudiwa kukomesha uchanganyaji huo, ila petroli ya kununuliwa kwenye madumu pembeni ya diko haina anayeikagua. Petroli yenye mafuta ya taa hulipuka ovyo ndani ya silinda badala ya kuungua kwa utaratibu, na pistoni huliwa ukingoni kama iliyotafunwa na panya.

Ya tatu ni maji ya kupoza. Mkojo wa mashini unathibitisha kwamba pampu inafanya kazi. Hauthibitishi kwamba maji yamefika kwenye hedi. Chumvi ikijenga ukuta ndani ya njia zake, mkojo utatoka na silinda ya juu itachemka, kwani mvuke hupanda na kukaa huko. Impela ibadilishwe kila mwaka kwa boti ya kazi, hasa zinazopita kwenye tope la Tudor na Port Reitz maji yakiwa yametoka. Baada ya kazi, dakika kumi za maji baridi ya bomba. Kung'oa themostati ili mashini "ipate hewa" si dawa. Inafanya kazi baridi, plagi zinachafuka, na chanzo cha joto kinabaki palepale.

Ukarabati wenyewe tusiurefushe. Silinda ipimwe kwa geji ya ndani, juu, katikati na chini, pande mbili, kabla ya kuamua kuchonga. Ikiwa aluminiamu imejipaka tu kwenye chuma, asidi ya haidrokloriki kwa kijiti chenye pamba inaila na kuacha chuma kizima, mradi isiguse bloku na ioshwe mara moja. Enduro 40 ina silinda ya milimita 80; pistoni kubwa zipo za kuongeza 0.25 na 0.50. Kuchonga silinda moja tu tunaona hakuna ubaya, iwapo ya pili imepimwa na iko sawa. Alama ya UP ielekee flaiwili, miisho ya ringi ikae kwenye pini zake, na baada ya kuchonga bloku ioshwe kwa sabuni na maji moto mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Petroli haiondoi unga wa jiwe. Saa kumi za mwanzo, oili iwe mililita 800 kwa lita 20, na asipewe kijana wa kushindana.

Ombi letu ni dogo. Vikundi vya wavuvi vya kusimamia madiko vinunue geji moja ya pamoja, ikae kwa katibu. Mwenye boti asilipie kufunguliwa kwa mashini kabla ya kuonyeshwa namba za silinda zote. Na namba hizo, pamoja na tarehe, geji iliyotumika na rangi ya kila plagi, ziandikwe kwa kalamu isiyofutika upande wa ndani wa kifuniko cha mashini, maana daftari huloa.

Mafundi wa mashini za boti,
Mombasa